Pamba Nyumbani: Tupime Kitambaa Kabla ya Kulipa

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na wafanyakazi wa maendeleo ya jamii mbele ya viongozi wa vikundi vya akina mama na wazee wa vijiji. Tumeyachapa kwa sababu vikundi vingi vimeomba nakala.)



Hatutawaweka sana, maana tunajua mvua imekaribia na majembe yanawangoja.

Jambo lililotuleta ni moja. Vikundi kadhaa vya hapa vimekusanya pesa za mzunguko na sasa vinataka kununua vitambaa kwa pamoja: vya mashiti, foronya, taulo na vile vya kupangusia vyombo. Wengine watatumia nyumbani, wengine watashona na kuuza. Maswali mliyotuletea yalikuwa mengi, lakini yote yanazunguka hili: je, pesa yetu tuiweke kwenye pamba, au tununue hivi vingine vinavyong'aa na vya bei nafuu?

Jibu letu kwa ufupi ni hili, na ukisahau mengine yote, hili lishike: mahali penye jasho, penye maji na penye moto, weka pamba. Mahali pengine unaweza kuchagua. Na usitosheke na neno la mwenye duka kwamba ni pamba. Uulize uzi wenyewe.

Kuna kikundi kimoja tulichokitembelea, cha wanachama 20. Walinunua mashiti 40, mawili kwa kila mmoja, na kila pakiti ilikuwa imeandikwa kwamba ni pamba tupu. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa furaha. Mwezi wa pili watoto wakawa wanaamka wamelowa jasho, na shiti limejaa vifundo vidogo vidogo kama mchanga. Fundi wao wa cherehani akachomoa uzi na kuuchoma. Ukayeyuka kama plastiki. Kwenda kumtafuta mwuzaji, alikuwa ameshahama na lori lake. Pesa ya miezi minane ilikuwa imekwenda. Hatusemi haya kuwacheka akina mama hao. Mtu yeyote angedanganywa, kwa sababu macho peke yake hayatoshi.

PAMBA NI KITU GANI?

Sisi wa huku magharibi, Busia, Bungoma na Siaya, pamba kwetu si hadithi. Wazee waliosomesha watoto kwa pesa ya pamba wako hapa wamekaa. Lakini kuilima ni jambo moja, na kuielewa ikiwa kitambaa ni jambo jingine.

Mnajua ua la pamba hufunguka likiwa jeupe kama maziwa, kesho yake likawa jekundu-jekundu, kisha likaanguka na kuacha kitumba. Ndani ya kitumba, kwenye ngozi ya kila mbegu, huota nywele. Kila unywele ni seli moja tu iliyorefuka mpaka ikafika karibu sentimita 2.5 hadi 3. Kitumba kikipasuka, nywele hizo hukauka, hubonyea kama mpira wa maji uliotolewa maji, na kujipinda zenyewe. Huko kujipinda ndiko kunakozifanya zishikane tunapozisokota kuwa uzi.

Linganisheni na sufi, ile tunayojazia mito. Sufi ni laini na inang'aa kuliko pamba, lakini nywele zake ni nyororo, hazijipindi, kwa hiyo kuisokota ni taabu. Tena sufi ina nta na haipendi maji. Hata zamani ilijazwa ndani ya makoti ya kuokolea watu baharini, kwa sababu inaelea. Pamba ni kinyume chake. Ikishasafishwa, inayapenda maji.

Kitu kinachojenga unywele wa pamba huitwa selulosi. Ndicho hicho hicho kilichomo ndani ya miti na nyasi, na karatasi nayo ni selulosi. Shikeni jambo hilo, litatusaidia tukifika kwenye vipimo.

Poliesta nayo ni nini? Hiyo hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli. Ni ndugu wa damu wa chupa ya plastiki ya soda. Si kitu kibaya, lakini tabia yake ni ya plastiki, si ya mmea.

JASHO, MAJI NA MOTO

Tuanze na jasho. Kitambaa cha pamba kilichoanikwa kikakauka, bado kina maji ndani yake. Katika hali ya kawaida ya hewa, kilo moja ya pamba hushika karibu gramu 80 za maji, na ukiigusa utasema ni kavu. Kilo moja ya poliesta hushika gramu 4 hivi tu. Maana yake nini? Mtoto akitoka jasho usiku, shiti la pamba hulinywa. Shiti la poliesta huliacha pale pale mgongoni.

Kwa mtu mzima mwenye afya huo ni usumbufu tu. Lakini kwa mgonjwa aliyelala miezi mingi ni jambo kubwa. Ngozi inayokaa na unyevu hulainika, na mahali anapolalia, pale kiunoni na kwenye visigino, pakaanza vidonda. Nyinyi mnaowatunza wagonjwa nyumbani mmeviona, na mnajua vilivyo vigumu kupona. Shiti la pamba peke yake halizuii vidonda hivyo. Lazima mgonjwa ageuzwe mara kwa mara na shiti linyooshwe lisiwe na mikunjo. Lakini shiti linalokunywa jasho ni msaada wa kweli, na linaweza kuchemshwa.

Hapo tunaingia kwenye maji. Nyuzi za pamba zikilowa hazilegei. Zinakuwa na nguvu zaidi kuliko zikiwa kavu. Ndiyo sababu pamba huvumilia kufikichwa, kupigwa juu ya jiwe, kuchemshwa, na kufuliwa kwa sabuni ya kipande mwaka baada ya mwaka. Taulo, nepi za mtoto, kitambaa cha vyombo, vyote hivi kazi yake ni kunywa maji na kufuliwa tena na tena. Ukipangusa meza kwa kitambaa cha poliesta cha kawaida, unayasukuma maji kutoka hapa kwenda pale.

Tuongeze na jambo ambalo wengine huona haya kulisema mbele ya wazee, lakini watoto wetu wa kike wako darasani. Vitambaa vya hedhi vinavyofuliwa na kutumiwa tena vinafaa kuwa vya pamba, hasa ile yenye manyoya kidogo kama flaneli. Lakini vikifichwa chini ya godoro vikiwa vibichi, huota ukungu na vijidudu, na msichana huumia. Vianikwe juani. Akina mama, mkiona haya, tandazeni leso nyepesi juu yake, lakini jua livifikie.

Sasa moto. Hapa tusidanganyane. Pamba hushika moto haraka, na nguo pana ya pamba karibu na jiko ni hatari. Poliesta nayo huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Kwa hiyo hakuna kitambaa kati ya hivi cha kuchezea moto. Lakini kwa kazi ya kushika sufuria, pamba nene iliyokunjwa mara kadhaa ndiyo salama. Sufuria ya moto ikigusa poliesta, kitambaa huyeyukia mkononi. Na kishikio kiwe kikavu. Kitambaa kilicholowa hupitisha joto upesi, mvuke ukakuunguza.

Je, pamba haina kasoro? Inazo. Inakauka polepole wakati wa masika. Inajikunja, inataka pasi. Ikiwekwa mbichi inaota ukungu. Kwa hiyo hatuwaambii mtupe poliesta zenu. Pazia linalopigwa na jua kutwa nzima, poliesta inafaa, kwa sababu pamba huchoka mapema juani. Sare ya shule ya mchanganyiko hukauka upesi na haitaki pasi nyingi. Chandarua cha mbu, nyingi zake si pamba, na hilo ni sawa. Ila chandarua chenye dawa kisichemshwe wala kisianikwe juani. Kifuliwe polepole kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, kikauke kivulini, dawa isiishe.

JINA HUBAKI, KITAMBAA HUBADILIKA

Mtu anaweza kuuliza, mbona maandishi ya pakiti yasitutoshe? Historia ya vitambaa hapa kwetu ina jibu.

Pamba si mgeni Afrika ya Mashariki. Kule Kilwa, wachimbaji wa mambo ya kale wamepata vigurudumu vidogo vya vigae vyenye tundu katikati, vilivyotumika kusokotea uzi karne nyingi kabla ya Wazungu kufika. Watu wa pwani walijisokotea na kujifumia.

Halafu katika karne ya 19 wafanyabiashara Wamarekani, wengi wao wa mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts, wakaleta Unguja kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa. Watu wakakiita amerikani. Kilisifiwa kwa nguvu yake, kikaenda bara pamoja na misafara, na mahali pengi kilitumika kama pesa. Ikaja vita ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1861 hadi 1865. Kitambaa kutoka kwao kikaadimika, na nafasi yake ikachukuliwa na vitambaa vya Uingereza na India. Lakini je, jina lilibadilika? La. Mpaka leo ukienda dukani kuulizia amerikani utaonyeshwa kitambaa cha pamba cha rangi ya udongo, hata kama hakijawahi kuiona Marekani.

Leso zetu ni hivyo hivyo. Tumezizoea kuwa za pamba, doti moja vipande viwili, pindo, mji na jina lake. Lakini siku hizi ziko leso zenye pindo na jina zuri, na uzi wake ni poliesta. Ukimbebea mtoto, anateleza. Ukijifuta uso, maji yanabaki.

Kwa hiyo neno lililoandikwa kwenye pakiti ni kama hilo jina la amerikani. Linakuambia kitambaa hicho kinataka kuitwa nani. Halikuambii kimesokotwa kwa nini.

VIPIMO VINNE VYA KUFANYA WENYEWE

Vipimo hivi havihitaji mashine. Vinahitaji kiberiti, bakuli la maji na rula.

Cha kwanza ni moto. Chomoa uzi mmoja kutoka pindoni, ule unaokwenda kwa urefu, na mwingine unaokwenda kwa upana. Ni lazima ujaribu zote mbili, yaani mtande na mshindio, kwa sababu viko vitambaa ambavyo mtande ni poliesta na mshindio ni pamba. Shika uzi kwa koleo ndogo au kibanio, juu ya beseni lenye maji, watoto wakiwa mbali. Pamba huwaka upesi, hunuka kama karatasi inayoungua, na huacha jivu laini la kijivu linalopeperuka. Poliesta hujikunyata ikikimbia moto, huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na ikipoa huacha shanga ngumu isiyosagika kwa vidole. Usiiguse kabla haijapoa! Ukipata harufu ya karatasi na pia vipande vigumu ndani ya jivu, huo ni mchanganyiko.

Cha pili ni maji. Dondosha tone moja juu ya kitambaa. Kwenye pamba tone huenea na kuzama. Kwenye poliesta mara nyingi hukaa juu kama umande kwenye jani la nduma. Lakini angalieni. Kitambaa kipya hupakwa wanga au dawa kiwandani, na hata pamba nzuri inaweza kukataa maji siku ya kwanza. Fueni kipande kwanza, kisha mjaribu.

Cha tatu ni cha kuitenga pamba na reyoni. Reyoni hutengenezwa kutokana na miti, nayo pia ni selulosi, kwa hiyo ikichomwa hunuka karatasi kama pamba. Moto hautakusaidia hapo. Chukua uzi, lowesha katikati tu, kisha vuta pande zote mbili. Reyoni ikilowa huwa dhaifu, itakatika pale palipolowa. Pamba ikilowa hupata nguvu, itakatika palipo pakavu. Rudia mara tano uwe na hakika.

Cha nne ni cha wanga. Fikicha kitambaa kwa nguvu kati ya viganja viwili. Ukiona unga mweupe unaanguka, na kitambaa kilichokuwa kigumu kimekuwa legelege, jua ulikuwa unauziwa wanga kwa bei ya pamba. Kisha kiinue juu, ukitazame dhidi ya mwanga wa dirisha. Kitambaa chema nyuzi zake zimesongamana sawasawa. Kibaya kina matundu na mistari.

KUNUNUA KWA PAMOJA

Mkitaka kununua kwa kikundi, msikimbilie pakiti zilizofungwa. Nunueni kwenye jora. Na kabla ya kununua jora zima, nunueni mita moja tu. Chora juu yake mraba wa sentimita 50 kwa 50 kwa kalamu isiyofutika. Kifueni kwa maji ya moto, kianikeni, kipigeni pasi, kisha mpime tena.

Kwa nini? Kwa sababu wakati wa kufuma, uzi huvutwa ukakazwa. Ukilowa mara ya kwanza unalegea na kurudi, kitambaa kikanywea. Mraba ukibaki na sentimita 47 na nusu, kitambaa kimenywea kwa 5 katika 100. Sasa pigeni hesabu. Godoro la futi 4 kwa 6 lina urefu wa sentimita 183 hivi. Likiwa na unene wa sentimita 15, na ukitaka sentimita 15 nyingine za kuchomekea kila upande, shiti linahitaji sentimita 243. Ongeza 7 za pindo, inakuwa 250. Mkikata 250 kamili, baada ya kufuliwa litabaki sentimita 237 au 238, na litachomoka kila usiku. Kateni 265. Au bora zaidi, fueni kitambaa chote kabla ya kukikata. Kikundi kinachouza mashiti yasiyoruka kitarudiwa na wateja.

Na hao wa mitumba je? Wako wengi hapa, na hatuwasemi vibaya. Kwenye mitumba utapata mashiti mazuri ya pamba, tena yamekwisha kunywea huko yalikotoka. Yachome uzi kama mengine, halafu yainue kwenye mwanga uangalie katikati. Shiti huisha katikati, pale mwili unapolala, na pembeni likabaki zima.

Hilo linatuleta kwenye ufundi wa bibi zetu ambao umeanza kusahaulika. Shiti likipungua katikati, lichane kwa urefu katikati kabisa. Zile pande mbili za kando, ambazo bado ni nzima, zishone pamoja ziwe ndizo katikati. Kata kingo zilizochakaa, ukunje pindo. Umepata shiti jembamba kidogo, lakini la kutumika tena kwa miaka. Likichoka kabisa, lina foronya mbili ndani yake. Foronya ikichoka, kuna nepi na vitambaa vya vyombo. Hivyo vikichoka, kuna tambara la kupigia sakafu.

Hapo ndipo hesabu ya bei ilipo. Poliesta haichakai upesi, lazima tuseme kweli. Lakini ikizeeka haina kazi nyingine, maana haipangusi wala hainywi maji. Pamba inazeeka ikishuka daraja moja baada ya jingine, na kila daraja inaokoa shilingi ambayo ungeipeleka dukani.

KUITUNZA

Yako mambo machache yanayoua pamba mapema. La kwanza ni dawa ya kung'arisha yenye klorini. Ikiwa kali, au isipooshwa ikaisha, inakula nyuzi, na shiti linapasuka ukilivuta tu. Ichanganyeni na maji mengi kama kibandiko kinavyosema, na msuuze mara mbili. Tena msiimwage pamoja na dawa nyingine za kusafishia, hasa zenye asidi, maana hutoa hewa yenye sumu.

La pili ni damu na uchafu wa mgonjwa. Vaa glavu. Loweka kwa maji baridi kwanza, kwa sababu maji ya moto hugandisha damu ndani ya nyuzi. Doa likitoka, ndipo uchemshe.

La tatu ni kuweka nguo sandukuni zikiwa na ubichi, au zikiwa na wanga mwingi. Ubichi huleta ukungu. Wanga huwaita wadudu wanaotafuna nguo. Zile seti nzuri za vitambaa vya makochi mlizoshona kwa sindano ya kroshia, mkitaka kuziweka mpaka Krismasi, zifueni, msizitie wanga, zikauke kabisa. Wanga utatiwa siku ya kuzitandika.

La nne ni jua. Jua husafisha, lakini likipita kiasi hupausha rangi na kuchosha uzi. Nguo za rangi zigeuzeni ndani nje, na zikikauka zianueni.

KUTOKA SHAMBANI HADI KITANDANI

Tumalizie na wakulima. Kuna mzee aliyetuuliza kabla hatujaanza: mnatuambia tununue pamba, na pamba yetu wenyewe inakwenda wapi?

Swali hilo ni la haki. Miaka ya 1990 soko lilipofunguliwa, mitumba na vitambaa vya nje viliingia kwa wingi, viwanda vyetu vya nguo vikaanguka kimoja baada ya kingine. Kiwanda cha pamba cha Kisumu kilifungwa. Rivatex ya Eldoret nayo ilianguka, mpaka Chuo Kikuu cha Moi kilipoichukua mwaka 2007 na ikafunguliwa upya mwaka 2019. Viwanda vingi vya kuchambua pamba vilinyamaza. Mkulima akakosa wa kumlipa kwa wakati, akang'oa pamba, akapanda mahindi. Serikali iliidhinisha mbegu inayostahimili funza wa vitumba mwishoni mwa mwaka 2019, na upandaji ukaanza mwaka 2020. Lakini mbegu hiyo haiwazuii wadudu wanaofyonza, na mbegu peke yake haileti bei.

Hatuwezi kuwaahidi bei, maana haiko mikononi mwetu. Lakini liko jambo lililo mikononi mwenu. Pamba mbegu ikichambuliwa, kiasi cha theluthi moja tu, au zaidi kidogo, ndiyo nyuzi. Kilo 100 zinatoa nyuzi kama kilo 35. Zinazobaki karibu zote ni mbegu za mafuta na mashudu ya ng'ombe. Kwa hiyo thamani kubwa imo katika zile kilo 35, nazo huharibika kwa mambo madogo. Chumeni umande ukishakauka. Tengeni nyeupe na ile iliyotiwa madoa na wadudu. Na tafadhali, msiweke pamba ndani ya magunia ya plastiki wala kufunga kwa kamba ya nailoni. Nyuzi za gunia hilo hunyofoka zikachanganyika na pamba, mashine ya kuchambua haizioni, zikasokotwa pamoja. Kitambaa kikitiwa rangi, zenyewe hazishiki rangi. Jora zima linakuwa na michirizi, na mnunuzi anakumbuka pamba hiyo ilitoka wapi. Tumieni magunia ya kitambaa cha pamba. Akina mama wa vikundi, hiyo ni kazi nyingine ya kushona, na wateja ni waume zenu.

Na siku mwenye duka atakapoona wateja wake wanakuja na kiberiti na bakuli la maji, wakikataa kisicho pamba na kulipa vizuri kilicho pamba, atamwambia anayemwuzia. Huyo naye atakiambia kiwanda.

KAZI YA KUFANYA

Kabla hatujakutana tena mwezi ujao, tunaomba kila kikundi kifanye mambo matatu.

Kwanza, kila mmoja alete uzi mmoja kutoka shiti analolalia na mwingine kutoka taulo lake. Tutazichoma hapa pamoja, tuone nani analalia nini. Hakuna kuona haya.

Pili, mweka hazina wa kila kikundi asitoe pesa ya jora lolote kabla ya kipimo cha mraba wa sentimita 50 kufanyika na kuandikwa kwenye daftari, mbele ya watu watatu.

Tatu, nyumba yenye mgonjwa aliyelala itajwe kwa kiongozi wa kijiji. Mashiti ya kwanza ya pamba yatakayoshonwa na vikundi, tukubaliane, mawili mawili yaende huko kabla ya kwenda sokoni: moja kitandani, moja kwenye kamba.

Sasa leteni maswali, na mwenye kiberiti atuazime.